Wasimamizi, Tasnifu Peke Yake Haitoshi

Ndugu zangu mnaosimamia wanafunzi wa uzamivu, nasema nanyi kwanza. Wizara nitaifikia, na tume za vyuo vikuu nitazifikia, lakini mzigo huu nautua mlangoni kwenu, kwa sababu jina la msimamizi ndilo linaloandikwa pamoja na la mwanafunzi tangu siku ya kwanza hadi siku ya utetezi. Mmekabidhiwa mtu. Hamkukabidhiwa kurasa mia tatu za kusahihisha. Mtu huyo, siku atakapovishwa joho na kuanza kuitwa daktari, atapewa darasa la vijana mia nne. Atapewa wanafunzi wa umahiri awasimamie, atapewa mitihani aitunge, atadaiwa makala, ataambiwa aandike andiko la kuomba fedha za utafiti, na ataketi kwenye kikao cha idara kuamua nani amefaulu na nani arudie mwaka. Ni lipi kati ya hayo mlilomfundisha?

Nauliza kwa uchungu, kwa kuwa jibu nalijua nanyi mnalijua. Tunamfundisha kuandika tasnifu moja, basi. Mengine yote tunamwachia ayaokote njiani, na anayelipia gharama ya kuokota huko ni kijana wa mwaka wa kwanza aliyetoka Nachingwea au Kibondo kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, akaketi safu ya nyuma ya ukumbi, asisikie, asielewe, akadhani mjinga ni yeye.

Mtazameni msomi wetu mpya Jumatatu ya kwanza ya semesta. Amefungua kompyuta mpakato yenye slaidi alizorithi kwa mhadhiri aliyestaafu. Chini ya kila slaidi bado kuna mwaka 2011. Kipaza sauti kinakatikakatika. Ameanza na sura ya pili ya tasnifu yake, ile ya nadharia, kwa kuwa ndiyo anayoijua kuliko vyote, na anaisoma ukutani, mgongo ameupa ukumbi. Kila baada ya slaidi tatu anageuka na kuuliza, "Mmeelewa?" Ukumbi unaitikia kwa pamoja, "Ndiyo!" Naye anaamini. Mwisho wa semesta amezungukwa na vitabu vya majibu mia nne, na anakuta swali la tatu limejibiwa na nusu ya darasa kwa sentensi ile ile, neno kwa neno, kama ilivyokuwa kwenye slaidi. Anaumia. Anazilaumu shule za kata. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba "Mmeelewa?" ni swali lisilopima kitu; kwamba angewapa dakika mbili kila mmoja aandike kwenye kipande cha karatasi alichokishika na kilichomshinda, akavikusanya vipande hivyo mlangoni, angejua siku ile ile wanafunzi wake wamekwama wapi. Jambo dogo hivyo! Hufundishwa mwalimu wa shule ya msingi katika chuo cha ualimu, na hafundishwi mtu tunayemkabidhi madaktari, wahandisi na wanasheria wa taifa.

Alifikaje hapo bila kuandaliwa? Sisi ndio tuliompandisha. Vyuo vyetu hapa Tanzania humchagua mkufunzi msaidizi kwa GPA isiyopungua 3.8 ya shahada ya kwanza, kisha tunataka 4.0 katika umahiri ili awe mhadhiri msaidizi. Sizipingi alama hizo. Msomi lazima awe amesoma. Lakini zinapima alivyojibu mitihani ya wengine. Hazisemi lolote kuhusu uwezo wake wa kumshika mkono mwenzake hadi naye aone. Baada ya hapo tunampeleka uzamivu kwa miaka minne, sita, wakati mwingine minane, na katika miaka hiyo yote tunamtenga na darasa ili "asipoteze muda", au tunamtwisha madarasa ya wahadhiri waliosafiri bila hata mmoja wetu kwenda kuketi nyuma na kumsikiliza. Njia zote mbili ni kumtupa.

Wazee wetu wa pwani hawakumtoa mwari ndani bila kungwi. Kungwi hakuishia kumweleza. Alikaa naye, alimwonyesha, alimjaribu, na ndoa ikiyumba yeye ndiye aliyeulizwa. Chuo kikuu kinatoa mwari wake kila mwaka mbele ya Mkuu wa Chuo, kwa brasibendi na picha za familia, na akienda kuharibikiwa darasani hakuna kungwi anayeulizwa.

Nasi tuna mifano ya malezi mema, tena ya hapa hapa. Wangari Maathai aliporejea Kenya mwaka 1966 na shahada ya umahiri ya biolojia kutoka Marekani, alikuta nafasi aliyoahidiwa katika idara ya zuolojia ya chuo cha Nairobi amepewa mtu mwingine. Aliyempokea ni Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani aliyekuwa akiijenga idara ya anatomia ya mifugo. Hofmann hakumpa meza pembeni akamwambia, andika. Alimweka maabara kama msaidizi wake, akamhimiza ajiandikishe uzamivu, akamfungulia njia ya kwenda kusoma Giessen na Munich, na aliporudi mwaka 1969 mama yule aliendelea kufundisha wanafunzi wa udaktari wa mifugo, darasa ambalo karibu lote lilikuwa la wanaume, huku tasnifu yake ikikamilika. Mwaka 1971 akatunukiwa uzamivu, mwanamke wa kwanza kuupata Afrika Mashariki na ya Kati. Miaka mitano baadaye alikuwa mkuu wa idara ile ile. Dunia inamkumbuka kwa miti na kwa Tuzo ya Nobeli. Mimi nawaomba, wasimamizi wenzangu, mmkumbuke pia kama mwanafunzi wa uzamivu ambaye mtu mmoja alimpokea alipofungiwa mlango, akamfundisha kazi yote ya msomi: maabara, darasa na kalamu kwa pamoja.

Au mfikirieni mwanahistoria Isaria Kimambo. Alikwenda Upare kukusanya masimulizi ya wazee, akapata uzamivu wake Northwestern, Marekani, mwaka 1967, akarudi Dar es Salaam kufundisha. Mwaka 1969 yeye na Arnold Temu wakahariri kitabu cha historia ya Tanzania kilichotolewa kwa niaba ya Chama cha Historia cha Tanzania, kikaingia madarasani na kukaa humo miaka mingi. Tazameni mwendo huo: utafiti wa uwandani, tasnifu, kisha mara moja kitabu cha kufundishia. Kwa kizazi kile utafiti na ualimu vilikuwa kazi moja. Sisi ndio tuliovitenganisha, tukauita mmoja njia ya kupanda cheo na mwingine mzigo wa kugawana.

Tena tumeongeza la tatu linalovila vyote viwili: ushauri elekezi. Msomi Mahmood Mamdani alilipigia kelele hili katika Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda. Kitabu chake cha mwaka 2007 kilieleza jinsi soko lilivyoingia chuoni hapo, na alipopewa uongozi wa Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Makerere mwaka 2010 alikuta watafiti wanaojibu maswali yaliyotungwa na wafadhili. Dawa aliyoichagua ilikuwa programu ya uzamivu ya miaka mitano, ambayo miaka ya mwanzo mwanafunzi anasoma kozi, anasoma vitabu, anabishana semina baada ya semina, kabla hajaruhusiwa kutunga swali lake. Wapo walioipinga kwa sauti kubwa, na programu ile imepita kwenye misukosuko. Lakini shabaha yake ilikuwa sahihi kabisa, na nitaitetea mbele ya yeyote: mtu hawezi kufundisha vijana kuuliza ikiwa yeye mwenyewe hajawahi kuuliza swali lililo lake. Mwanafunzi wa uzamivu ambaye miaka yake imeisha kwa kukusanya data za ripoti za msimamizi wake, na tasnifu akaibandika juu ya mabaki, ametumikishwa. Hajalelewa.

Msiniambie haiwezekani kwa hali zetu. Muungano wa utafiti wa uchumi barani Afrika, AERC, wenye makao yake Nairobi, ulianzisha mwaka 2002 programu ya pamoja ya uzamivu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni kimoja kati ya vinavyotoa shahada hiyo, na wanafunzi wa nchi mbalimbali hukutanishwa Nairobi kusoma kozi za kuchagua kwa walimu ambao hakuna chuo kimoja kingeweza kuwaajiri wote. Muungano mwingine, CARTA, ulioanzishwa mwaka 2008 kwa ajili ya watafiti wa afya ya jamii, huwapitisha watahiniwa wake kwenye semina nne za pamoja, kuanzia kutunga swali la utafiti hadi maisha ya msomi baada ya tasnifu, na unawafunza wasimamizi pia. Dar es Salaam imo, Ifakara imo, Moi imo, Makerere imo, Rwanda imo. Watu hawa wanatumia umeme ule ule unaokatika na mabasi yale yale. Tofauti ni kwamba waliamua kuwa mtahiniwa asilelewe na mtu mmoja chumbani.

Nako Marekani, mwaka 1993, jumuiya mbili za vyuo ziliona aibu iyo hiyo tunayoiona leo: vyuo vikubwa vya utafiti vilikuwa vinazalisha madaktari wasiojua maisha ya vyuo vidogo ambako wengi wao wangeajiriwa. Zikaanzisha mpango wa kuwaandaa wahadhiri wa kesho. Mwanafunzi wa uzamivu anapewa mlezi wa pili, ambaye si msimamizi wa tasnifu yake, katika chuo cha aina nyingine; anakwenda huko, anafundisha, anahudhuria vikao, anaambiwa ukweli kuhusu ufundishaji wake. Hili linatuhusu sisi kuliko linavyowahusu wao! Mtahiniwa anayehitimu Mlimani, Dar es Salaam, huenda akaajiriwa kwenye tawi la chuo mkoani lenye wahadhiri wanne katika idara nzima na maktaba ya rafu sita. Huko hatafundisha kozi moja ya ubingwa wake; atafundisha tano, mbili kati yake hakuzisoma. Kwa nini asipelekwe huko kwa semesta moja akiwa bado mikononi mwetu, akiwa bado na mtu wa kumpigia simu usiku kuuliza?

Sasa kuhusu kuandika. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya ilitaka, katika viwango vyake vya mwaka 2014, mtahiniwa wa uzamivu awe amechapisha makala mbili katika majarida yanayopitiwa na wataalamu, na ikataka wahadhiri wote wawe na uzamivu ndani ya miaka michache. Kusudi lilikuwa jema. Lakini mkimdai mtu tunda bila kumwonyesha shamba, ataliiba au atanunua bovu. Mwaka 2019 chuo kikuu kimoja cha umma huko kilitunuku uzamivu watu 118 katika mahafali moja, nchi ikashtuka, tume ikalazimika kwenda kukagua. Na kila mtahiniwa wa kwetu mwenye anwani ya barua pepe anazijua zile barua: "Profesa mheshimiwa, tumevutiwa na utafiti wako, tuma makala, itatoka ndani ya siku saba, ada ni dola mia moja na hamsini." Kijana hajawa profesa, na utafiti wake hawajausoma. Analipa, kwa posho yake ya kujikimu, na makala aliyoitolea jasho inazikwa kwenye jarida la kilaghai ambalo hakuna msomi atakayelisoma.

Nani alipaswa kumwonya? Wewe. Na si kwa onyo tu. Fungua barua pepe yako mbele yake. Mwonyeshe makala yako ilivyokataliwa, na maneno makali ya msomaji wa pili aliyesema hoja haijakomaa. Mwonyeshe jinsi ulivyoketi siku ya tatu, hasira ikiwa imepoa, ukagawa maneno yale mafungu: haya ni kweli, haya hakuelewa kwa sababu sikueleza, haya sikubaliani nayo na nitajibu kwa heshima. Mwonyeshe barua uliyomwandikia mhariri. Kisha, jarida likikuletea makala ya mtu mwingine uipitie, muombe mhariri ruhusa uipitie pamoja na mtahiniwa wako, naye aandike maoni yake kwanza kabla hajayaona yako. Kazi hiyo ya mchana mmoja itamfundisha kuhusu hoja, ushahidi na staha ya kitaaluma kuliko warsha ya siku tatu hotelini yenye bahasha ya posho. Nasema hivyo nikiwa sina chuki na warsha. Nimeona tu kwamba ujuzi huu unaambukizwa kwa kukaa karibu.

Naomba niseme na wale ambao sura za wanafunzi zimelala mezani kwao. Unajua ziko wapi. Iko sura ya nne, imebanwa kwa klipu, juu yake umeweka ripoti ya bajeti na vikombe viwili vya chai vimeacha alama. Mwenye sura hiyo anapita mlangoni kwako kila wiki, anabisha, anasema, "Shikamoo Profesa, nilikuwa napita tu," anaogopa kuuliza. Ada inahesabiwa. Likizo ya masomo inakwisha na mwajiri wake huko mkoani ameshaandika barua ya kumwita. Ikiwa ni mama, analea, na kila mwezi unaopotea mezani kwako unatafutwa kwenye usingizi wake. Na jambo ambalo huenda hukulifikiria ni hili: hapo ndipo anapojifunza usimamizi. Hana kitabu kingine cha kazi hiyo ila wewe. Miaka kumi ijayo sura ya mwanafunzi wake italala mezani kwake vivyo hivyo, na ataona ni kawaida ya chuo. Ndugu yangu, ukiichukua sura hiyo leo ukaisoma, ukamrudishia ndani ya wiki tatu pamoja na maelezo yanayosomeka, umewatendea haki wanafunzi ambao bado hawajazaliwa.

Wizara na tume, maneno yangu kwenu ni machache. Serikali ya Tanzania ilikopa Benki ya Dunia dola milioni 425 kwa mradi wa elimu ya juu wa HEET, ulioidhinishwa mwaka 2021, na sehemu ya fedha hizo inasomesha wahadhiri umahiri na uzamivu. Ni jambo la kushukuru. Basi atakayesomeshwa kwa mkopo ambao watoto wetu wataulipa adaiwe zaidi ya cheti: arudi akiwa amefundisha mbele ya macho ya mtu mzoefu, na msimamizi wake apewe saa za kazi hiyo kwenye hesabu ya mzigo wake. Na mnapopandisha watu vyeo, acheni kuipima kazi ya darasani kwa fomu ambayo wanafunzi huijaza dakika tano kabla ya mtihani. Pelekeni watu wakaangalie.

Nanyi watahiniwa, msikae mkisubiri kulelewa. Msimamizi asipokuita, omba. Muombe akuache ufundishe wiki mbili za kozi yake naye aketi nyuma. Tafuta wenzako watatu, msomeane sura kila mwezi bila kuoneana haya. Hudhuria utetezi wa kila mtahiniwa katika ndaki yako, hata wa fani usiyoijua, uone mtahini wa nje anavyouliza na mtu anavyojibu bila kujibaraguza. Andika muhtasari wa utafiti wako kwa Kiswahili ambacho mama yako ataelewa, ukamsomee. Ukikwama hapo, umekwama kwenye hoja, si kwenye lugha. Wapo kati yenu watakaokosa ajira ya chuo, kwa kuwa vibali vya ajira ni vichache. Anayejua kufundisha, kuandika na kupima ushahidi hajapoteza miaka yake popote atakapokwenda.

Kikao cha idara cha kufungua semesta kinakaribia. Ajenda tunazijua: ratiba, kumbi, mitihani maalumu, mengineyo. Wakuu wa idara, nawasihi, ongezeni moja na muiweke juu kabisa. Yasomwe majina ya watahiniwa wote wa uzamivu, na kwa kila jina mtu asimame aseme amefundisha nini mwaka huu, nani alikwenda kumtazama, makala yake iko jarida gani, sura yake iko mezani kwa nani na tangu lini. Palipokosekana jibu, kikao kisifungwe. Litajwe jina la mhadhiri na tarehe, viandikwe kwenye muhtasari, na kikao kijacho kianzie hapo.